Viumbe Ishirini na Wawili Niliowaachia Kwenye Treni

"Baba, umewaua! Umewaua wote!"

Kotoha alipiga ukelele mpaka dripu ikachomoka mkononi. Damu tone tone kwenye shuka...

Mimi nimeduwaa, tai shingoni. Jamani, nimeua nani?!

Naitwa Masanobu, ni mtu wa Sendai. Binti yangu Kotoha alikuwa na miaka tisa, na huo ulikuwa mwezi wa nne tangu alazwe wodi ya saratani ya watoto. Kutwa na gemu yake ya mkononi, ile ya kukamata viumbe na kuwafuga.

Kitufe kilikwama, akaniomba nimpelekee kwa fundi. Ilipopona, nikaanza kuicheza kwenye treni.

Sisi watu wazima tunajijua. Tunacheza ili tushinde!

Nikakuta zizi limejaa viumbe dhaifu. Nguvu mbili, nguvu tatu... takataka tupu! Nikawaachia wote ishirini na wawili, nikakamata majoka ya maana. Nikajiona mwamba kweli kweli! Nikapitia wodini kumrudishia gemu, akafungua zizi... ndo ukelele ule.

Nesi Tomoe alimfunga Kotoha dripu upya, kisha akanivuta koridoni.

"Baba Kotoha, hukusoma majina yao?"

"Majina gani, dada? Niliangalia namba tu."

"Kila mtoto akitoka wodi hii, Kotoha humpa kiumbe mmoja jina la mtoto huyo."

"Si wanapona wanaenda nyumbani?"

Akaangalia sakafu.

"Wengine, baba."

Nikarudi kitandani kwake.

"Nisamehe, mwanangu. Tunawarudishaje?"

"Hawarudi. Ukiachia ndo basi."

"Nitakukamatia wengine, wakali zaidi!"

"Sitaki wakali!"

Halafu, kwa sauti ndogo...

"Na kobe je? Yule wa nguvu moja?"

"...Naye nilimwachia."

"Yule alikuwa anaitwa Kotoha. Nilikuwa namfuga kwa ajili yako na mama. Ili mbaki naye."

Jamani!

Jina la mwanangu mwenyewe lilikuwa pale kwenye kioo. Nililipita kama kibao cha barabarani.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Siku kumi na tisa. Kazini sikukanyaga tena, nilikaa naye tunacheza anavyotaka yeye.

"Geuka kushoto, baba. Pita mtoni."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Tunatembea tu."

"Joka hilo! Nilikamate?"

"Liache, linakunywa maji."

Alifariki Jumanne asubuhi, mama yake kamshika miguu, mimi mkono.

Wewe mzazi unayesoma hapa, siku mtoto wako akikupa gemu yake uishike, usikimbilie kumshindia. Kaa chini. Muulize huyu ni nani, na yule ni nani.

Mimi sikuuliza.