Sauti Ndani ya Kitako

Jua lilikuwa limeshaegemea milima wakati Arlys Kvamme na mumewe Wendell walipoegesha pikapu yao mbele ya duka la bunduki la Orrin. Hakuna aliyeshuka haraka. Walikaa wakitazama taa ya dirishani kama watu waliosahau walichofuata. Kwa miaka mingi walikuwa wamemuuguza mama yake Wendell: kumgeuza, kumlisha, kumkeshea. Sasa mama alikuwa kaburini, ila uchovu haukuzikwa naye. Ni Arlys aliyesema waende wakalale mlimani siku chache, kama enzi zile, kabla magoti hayajaanza kulalamika.

Kwa magoti hayo walihitaji bunduki nyepesi. Ya Wendell ilikuwa nzito kama gogo bichi, na kwa urefu wake ilinasa kila tawi njiani. Kwa ajili ya dubu walikuwa na kopo lao la pilipili ya kupuliza. Walichotaka ni kitu cha kuangushia kwale au sungura wa chakula cha jioni, kitu kinachovunjwa vipande na kulala ndani ya begi la mgongoni.

Orrin alitandika blanketi kwenye kaunta akawatolea mbili. Moja mtutu wake ulizungushwa kidogo tu ukachomoka. Ilikuwa bunduki nzuri, lakini Arlys aliipima mkononi akairudisha, kwani ilikuwa na uzito wa kumsumbua mtu kwenye mwinuko. Ya pili ilikunjwa katikati kama kisu cha mfukoni, ila ilibeba risasi moja tu. Wendell akasema kwamba kwa macho yake ya siku hizi, risasi moja ni sawa na kumpungia sungura mkono.

Ya tatu Orrin hakuitoa. Arlys aliiona mwenyewe, chini ya kaunta.

Ilikuwa imeshatumika. Kitako chake cha plastiki nyeusi, kile kinachoegemezwa begani, kilikuwa na uvungu ndani. Unafungua kifuniko cha nyuma, unasukumia mtutu na mtambo wake humo, unafunga, na mtu hawezi kujua kwamba umebeba bunduki. Yote ilikuwa nyepesi kuliko sufuria yao ya kambini.

"Chukueni mpya," Orrin alisema taratibu.

Arlys aliuliza kama ni mbovu. Orrin akajibu kwamba haina ubovu, inapiga sawasawa. Iliachwa na mama mmoja kutoka upande wa pili wa mlima, na hakungoja hata kuulizwa anataka bei gani. Alisema hayo huku akitazama mlango. Siku nyingine Arlys angemhoji zaidi, lakini jioni ile alikuwa amechoka. Bunduki ilikuwa nyepesi, na hiyo ilimtosha.

Walipiga hema kando ya ziwa, chini ya misonobari. Jioni ya pili Arlys aliiunganisha bunduki, akaishindilia risasi zake ndogo, akaenda ukingoni polepole. Ukungu ulikuwa unaanza kunyanyuka majini. Juu ya gogo, kwale mnene alikuwa anajikuna bawa.

Arlys akalaza shavu kwenye kitako.

Plastiki ilikuwa ya moto. Na harufu... aliijua harufu ile. Marhamu. Shuka zilizolowa. Chumba kisichofunguliwa madirisha.

Kisha akasikia pumzi. Ndani ya kitako, chini ya sikio lake.

"Siyo huyo..."

Akainua kichwa. Hakukuwa na upepo. Nyuma yake, mbali kidogo, Wendell alikuwa anakohoa penye moto. Arlys akajiambia kwamba mtu asiyelala kwa miaka husikia mengi. Akarudisha shavu.

"Siyo huyo."

Haikuwa sauti ya mwanamke wala ya mwanamume. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekesha.

Kwale akaruka. Arlys akamfuata kwa mtutu, kama mwindaji yeyote afanyavyo, kulia, kulia zaidi, mpaka ndege akapotelea nyuma ya miti. Na kati ya miti ile alikuwepo sasa Wendell, ameondoka penye moto, amempa mgongo, anaokota kuni. Watoto wa kule hufundishwa kushusha mtutu hapo hapo mtu akitokea mbele yake.

Hakushusha.

"Huyo."

Halafu kwa upole, kama mtu anayekufunika blanketi:

"Utapumzika..."

Neno lile lilimwingia Arlys kama maji ya uvuguvugu. Aliiona nyumba kimya. Kitanda kipana. Hakuna anayekohoa, hakuna anayemwita jina lake kutoka chumba kingine. Ikamjia hamu ya kulia kwa jinsi alivyoitamani.

Tik.

Kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio. Hakukumbuka kukiweka.

Risasi haikulipuka. Arlys aliiachia bunduki ikaanguka maweni, akakaa chini palepale. Wendell alikuja mbio aliposikia kishindo. Aliitoa risasi ile akaigeuza kwenye mwanga uliobaki. Pini ya kufyatulia ilikuwa imegonga ukingo wake barabara. Risasi ndogo hizi, mara moja moja, hukataa tu kulipuka.

Aliitenganisha bunduki, akafungua kifuniko cha kitako, akaingiza vidole uvunguni. Kule mwisho kabisa, palipogandishwa nta, alibandua kitu. Ni kifundo cha nywele, nyeupe na za kahawia, zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa kipande cha bendeji. Arlys alikigusa. Kilikuwa na joto, kama kimetoka kwapani mwa mtu.

Walikichoma. Kitako Wendell alikitupa ziwani, mbali kadiri mkono wake ulivyoweza. Lakini vitako vya aina hiyo vimetengenezwa vielee. Alfajiri walikikuta kimelala mchangani mbele ya hema lao, na upepo usiku kucha ulikuwa unavuma kuelekea ng'ambo.

Wakashuka mlima. Wendell alibeba mtutu, Arlys kitako. Hakuna aliyekubali mwenzake abebe vyote.

Walimweleza Orrin habari za kifundo na za kitako kilichorudi, naye akawasikiliza bila kuwakatiza. Mwisho akakiri kwamba yule mama alikuwa amemuuguza mumewe muda mrefu, na mume akaja kufa kwa ajali ya risasi huko mlimani, walipokwenda kubadilisha hewa.

"Aliniambia hii bunduki ilimsaidia kupumzika," Orrin alisema. "Nilidhani anazungumzia mlima."

Akaahidi kuikata kwa msumeno. Waliondoka kabla hajaanza.

Jioni, jikoni kwao, Arlys alimsimulia mumewe yote, hata kile kidole, hata ile hamu. Alitegemea hasira. Wendell aliendelea kufuta sahani ileile iliyokwisha kukauka. Kisha akasema kwamba jioni ile ya kwanza kule ziwani, Arlys alipokwenda kuchota maji, yeye alikuwa ameiunganisha bunduki akamlenga kindi.

"Ukasikia?" Arlys alinong'ona.

"Nilisikia. Nilidhani ni mimi mwenyewe."

"Ilikwambia siyo huyo?"

"Ndiyo."

"Halafu?"

Wendell akaiweka sahani.

"Halafu wewe ukainuka na ndoo."

Arlys alingoja aseme kilichofuata. Wendell alichukua mto wake akaenda kulala chumbani kwa marehemu mama yake, kwenye kile kitanda chenye vyuma pembeni, na huko ndiko analala mpaka leo.

Siku hizi anayetangulia kuamka huenda mlangoni kwa mwenzake. Husimama hapo miguu mitupu, muda mrefu, akisikiliza kama pumzi bado zinatoka, na wala hajui anaomba asikie nini.