Mbwa Hafi, Wanaoana

Metrine alikuwa hajamaliza kupanga vitabu vyake pale soko la Sofia, Busia upande wa Uganda, ugomvi wa kwanza wa siku ukaanza. Mama mmoja wa kanisa, kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa amekishika kitabu kwa ncha za vidole.

"Wewe msichana! Hii ni uchawi! Unaleta uchawi hapa saa mbili asubuhi?"

"Mama, si usome kadi kwanza?" Metrine alimjibu huku akipandisha mikono ya gauni lake la rangi ya machungwa. "Huyo mchawi amestaafu. Amefungua hoteli ya uji kando ya mto, na kazi yake yote ni kupatanisha wateja walionuniana. Harogi mtu. Akizidisha sana anaongeza sukari."

"Uchawi ni uchawi."

"Basi shika hiki cha daktari na mpangaji wake. Hapo hakuna mchawi. Lakini wanabusiana ukurasa wa tisini, nisije nikalaumiwa."

Mama alikitupia macho, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakitia kwenye kikapu chini ya sukuma. Nyuma yake mtu aliangua kicheko.

Mtu mwenyewe alikuwa amepiga magoti kwenye kibanda cha jirani, kwa Nangila muuza dagaa. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, penseli sikioni, na mbele yake mizani ya Nangila ilikuwa imefunguliwa matumbo yote nje.

"Ile ya hoteli ya uji nipatie mimi," alisema. "Mimi naogopa daktari kuliko mchawi."

Huyo ndiye Owor, fundi wa mizani kutoka Tororo. Jumanne na Ijumaa alizunguka masoko ya huku akirekebisha mizani za watu. Na Metrine kila asubuhi alivuka kutoka Busia ya Kenya na mifuko miwili ya riwaya za mtumba, za mapenzi na zile za uchawi mpole ambazo hakuna vita wala damu, ni majini wapole na mikate ya moto. Alizikodisha, zikasomwa, zikarudi. Ila watu hawakuja kwa ajili ya vitabu peke yake. Walikuja kwa ajili ya kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono wa Metrine, ikieleza kinamfaa nani: "Kama umeachwa juzi, kiweke hiki. Anza na cha jini anayeshona miamvuli, ukipona urudi." Na juu ya meza palining'inia boksi lililokatwa, limeandikwa kwa wino mwekundu: MWISHO HAUSEMWI. Hiyo ndiyo sheria yake, na alikuwa tayari kugombana na mtu yeyote kwa ajili yake.

Owor alichukua kitabu, akarudi Ijumaa akitaka kingine. Wiki ya pili akataka na namba ya simu. Tangu hapo kila saa moja jioni simu ya Metrine ililia akiwa jikoni.

"Umefika wapi?" Metrine alimwuliza.

"Pale jini anakataa zawadi."

"Unamwonaje?"

"Mjinga. Mwanamke amepika, amevaa vizuri, yeye anashona mwamvuli tu."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Ningekula kwanza."

Metrine alicheka mpaka ugali ukashika chini. Ijumaa moja Owor alikuja bila ovaroli, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, akamnunulia rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Walipofika katikati ya kula akasema, "Metrine, mimi nakupenda. Wewe unajua kuandika maneno kwa kadi. Mimi najua hiyo moja tu."

"Hiyo moja inatosha," Metrine alisema, na mafuta ya chapati yakamtiririka hadi kiwiko asijali.

Sasa sikieni uovu ulivyoingia.

Nangila ndiye aliyekuja wa kwanza, ametoa macho. "Metrine weh! Ni nani amenifanyia hivi? Nimekaa siku tatu sijafungua, najibania utamu, halafu naona hii!"

Ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokodi, juu kabisa, kwa penseli: USIOGOPE. WANAOANA UK. 288. MBWA HAFI. SALAMA.

Hebu fikiria. Mtu amefanya kazi tangu alfajiri, ana nusu saa yake moja tu ya kujiuliza kama watapendana au hawatapendana, na mwenda wazimu mmoja amekuja na penseli kumnyang'anya hata hiyo! Ndani ya wiki mbili vilirudi vitabu kumi na kimoja vya namna hiyo. Watu walianza kusema kadi za Metrine hazina maana tena. Wengine walisema ni yeye mwenyewe anayeandika, apate kujionyesha kwamba amesoma vyote. Jina lake! Jina alilolijenga kwa miaka minne, kadi moja moja, kwa macho yanayowasha!

"Nikimshika huyo mtu nitamlambisha hiyo penseli," alimwambia Owor kwa simu.

"Labda ana sababu."

"Sababu gani? Kuna sababu ya kumwambia mtu ladha ya chakula kabla hajakionja?"

"Sijui. Nasema tu labda."

"Wacha labda. Nisaidie kukasirika."

Naye Metrine akamtafuta mwizi, akampata. Mwalimu Levis wa Bulumbi, mzee wa miwani, alikuwa amekodi vitatu kati ya vile, na inajulikana hawezi kuona kosa la chapa asilisahihishe kwa penseli pembeni. Metrine hakuuliza mara mbili. Aliingia kwenye kundi lao la WhatsApp lenye wasomaji sabini, akatuma sauti ya dakika mbili nzima. "Mwalimu mzima! Unafundisha watoto wa watu, kumbe ukifika nyumbani kazi ni kuharibia wenzako raha!" Levis alijibu kwa maandishi: "Binti, sikufanya." Metrine akamtoa kwenye kundi.

Jioni ile Owor alikuwa mpole kupita kiasi. "Na kama siyo yeye?"

"Wewe unamjua?"

"Hapana."

"Basi."

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jumanne, Metrine alienda kununua dagaa wa mboga. Nangila akamwaga kopo kwenye mizani, sindano ikatikisika, na Metrine akainamisha macho kusoma uzito. Chini ya sindano palikuwa na kipande cha plasta. IMEKAGULIWA. SALAMA. Herufi kubwa, ile S ya kwanza ina mkia, na alama ya vema pembeni.

"Nangila. Nani aliandika hapa?"

"Si Owor wako? Akimaliza kukagua mizani lazima aweke hiyo. Soko zima ziko hivyo. Ule mkono umezoea, hata umpe sufuria azibe ataiandika."

Metrine aliacha dagaa pale pale. Alirudi mezani, akafungua kitabu kimoja, cha pili, cha tatu. S yenye mkia, S yenye mkia, S yenye mkia. Akachomoa orodha ya wakopaji. Vyote kumi na kimoja vilipita kwa Owor. Jina lake lilikuwa pale siku zote, na yeye Metrine alilipita kila mara kwa sababu alikuwa anampenda. Akachukua simu, akampigia.

"Owor."

"Niambie, mpenzi."

"Mpenzi peleka huko. Salama ni nini?"

Ng'ombe alilia upande wa Owor.

"Metrine, nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini? Nilipokuwa nalia kwa simu hii hii? Au nilipomtukana mzee wa watu mbele ya watu sabini, na wewe uko kwenye hiyo kundi, umesikiliza dakika mbili zote, umenyamaza? Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Ni kwa sababu ya dada yangu..."

"Mwanamume mzima unasingizia dada!"

Akakata. Akamzuia kwenye simu, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki akalia kwa hasira, na aliyekuja kuuliza kitabu siku hiyo alijuta.

Ijumaa hakuja Owor. Alikuja mwanamke mrefu, kitenge cha zambarau, mkoba kifuani, ana uso wa mtu aliyegombana na dereva njia nzima kutoka Tororo.

"Wewe ndiye Metrine? Mimi Annet, dada yake Owor. Umemfanyia nini ndugu yangu? Hali, hasemi, anakaza skrubu zilizokazwa."

"Dada, karibu kiti. Yeye amenifanyia nini, amekwambia?"

"Ameandika kwa vitabu vyako. Aliniandikia mimi." Annet hakukaa. "Mume wangu Sydney alitoka asubuhi kwenda Mbale, akaniambia atarudi kula mchana. Hakurudi. Gari ilimuua. Miaka miwili sijaweza kusoma kitabu, na mimi nilikuwa nasoma kuliko wewe. Nikifika pahali mtu anaaga mlangoni, nafunga kitabu. Owor akaanza kunikagulia. Anasoma chote kwanza, halafu ananiandikia kama iko salama. Nilimwambia afute kabla ya kurudisha. Lakini kwa mizani alama inabaki. Mkono wake haujui kufuta. Sasa hiyo ndiyo dhambi ya kumwacha mtu?"

Metrine alimshika mkono. Machozi yalimjaa, na hasira ikabaki pale pale haijapungua hata chembe.

"Dada, pole. Pole sana. Ungekuja mwenyewe ungeniambia, ningekuandikia kadi yako peke yako, nikakueleza yote, nani anakufa na ukurasa gani. Hiyo alama ningemsamehe siku hiyo hiyo. Lakini mwalimu Levis je?"

"Levis gani?"

"Yule niliyemsingizia. Nilimfukuza kwenye kundi, watu wakamcheka. Owor alijua, akanyamaza wiki tatu."

Annet alikaa. Akainuka tena.

"Kuna mtu amefukuzwa? Kwa sababu ya kitabu nilichosoma mimi? Huyo mjinga hakuniambia!" Alikuwa ameshatoa simu. "Owor! Uko wapi? Merikit? Acha hiyo mizani ya watu. Panda boda, pitia Bulumbi, mchukue mwalimu Levis umlete hapa Sofia. Hapana. Hapana, sitaki kusikia! Mwanamke amekuuliza ukweli na umejificha nyuma ya kitenge changu!"

Aliweka simu, akapumua. "Nimekuja kukutukana wewe," akasema. "Nisamehe."

"Tuendelee kumtukana yeye," Metrine akasema, na wote wawili wakajikuta wanacheka kidogo.

Saa tisa walifika, wawili juu ya boda moja, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nangila alifunika dagaa zake akaja. Mama wa kanisa akaja. Wauza viazi wakaja. Metrine hakumtazama Owor. Alimwendea Levis, akapiga goti kama mtoto wa nyumbani.

"Mwalimu, nilikukosea mbele ya watu, nakuomba msamaha mbele ya watu. Sikuuliza. Nilikasirika tu."

Levis alifuta miwani yake kwa shati. "Mke wangu alinicheka wiki mbili," alisema. "Inuka, binti. Nimesamehe. Lakini kila kitabu kipya nitaanza mimi, na makosa ya chapa nitasahihisha nipendavyo."

"Sahihisha, mwalimu."

Kisha akamgeukia Owor, akatoa simu, akafungua kundi, akabonyeza kinasa sauti. "Sema. Wote sabini wanakusubiri."

Owor alivua kofia. Alikuwa na ovaroli yake na mikono ya grisi, na sauti yake ilikwama mara ya kwanza, ikatoka ya pili.

"Mimi ni Owor, fundi wa mizani. Ile maneno kwa vitabu niliandika mimi. Mwalimu Levis hajafanya kitu. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa Metrine ataniacha. Nikaona afadhali mzee aumie kuliko mimi. Hiyo ilikuwa mbaya. Basi."

Metrine aliachia kidole, ujumbe ukaenda.

"Ulidhani nitakuacha kwa sababu ya penseli?"

"Ulisema utanilambisha."

Nangila alicheka, Metrine akamkata jicho. Owor akasogea hatua moja.

"Metrine, najua siyo siku yake. Lakini sitaki kunyamaza tena kitu chochote. Nataka nikuoe."

Kina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka.

"Nyamazeni!" Metrine alipiga meza. "Mnashangilia nini? Mimi bado nimekasirika!"

"Mpaka lini?" Owor akauliza kwa unyenyekevu.

"Sijui. Labda mpaka mwezi wa nane. Lakini mtu ninayemkasirikia nataka nimwone kwa macho, siyo kumsikia kwa simu." Alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Jumapili vuka uje kwa baba yangu, uje na dada Annet. Na kabla hujafungua mdomo kuhusu ndoa, utamweleza baba ulichomfanyia mwalimu Levis. Yote. Bila kusubiri uulizwe."

"Nitasema, nyabo," Owor alijibu, akimwita bibi kwa heshima ya Kiganda.

"Wifi, na mimi nitakaa karibu naye," Annet alisema. "Akiruka neno nitamfinya."

"Kaa hapo," Metrine alimwambia Owor, akamsukumia kiti cha plastiki. "Tufanye mimi ndiye baba yangu. Anza."

Alikunja mikono kifuani, midomo ameikaza, na macho yamemlowa. Owor aliketi, akaweka kofia magotini, akaanza kusema.