Dozi Isiyoisha

“Munira, fungua. Fungua kabla sijaung’oa huu mlango.”

“Baba Yusra, weka nyundo chini kwanza.”

“Nani yuko humo ndani?”

“Weka nyundo chini, nitafungua.”

Nyundo ikajibu. Mlango ulikuwa wa chuma, Abdulnasiri, mume wa Munira, ndiye aliyeuchomelea mwenyewe, na fundi anajua kazi yake ni dhaifu wapi. Hakuhangaika na kitasa, alipiga bawaba. Mtaa mzima wa Kikuyu ulisikia mchana ule.

Sebuleni, Swalihu alikuwa amejibana nyuma ya kochi, amekumbatia begi. Huyu Swalihu anauza virutubisho. Kijana mtanashati, shati jeupe, ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Alikuja kuleta kopo jipya, basi. Hakukuwa na lolote kati yake na Munira, msianze.

“Dada, kwani mumeo ana shida gani?” alinong’ona.

“Si wewe uliniambia hana shida tena?”

Niwarudishe nyuma kidogo. Abdulnasiri ana ugonjwa ambao daktari aliuita bipola. Kuna kipindi anapaa: halali, anaongea kama redio, ananunua hata asichokihitaji. Kuna kipindi hainuki kitandani, anamwambia mkewe bora afe. Vidonge vya hospitali vilimtuliza, akafanya kazi, akamlea binti yake, Yusra. Lakini vilimnenepesha, mikono ikamtetemeka akiwa kazini, na usiku alimgeuzia Munira mgongo. Munira alikuwa bado kijana, anampenda mumewe na anamtaka. Ndipo zikaanza kuingia meseji za Swalihu.

“Dada Munira, kila dozi ina mwisho. Ya malaria unameza unamaliza. Hii ya shemeji ni dozi gani isiyoisha? Mwili umechoka na kemikali.”

Na nyingine:

“Mimi nilikuwa na ugonjwa huohuo. Virutubisho vimeniponya. Niangalie nilivyo.”

Munira alimwangalia, akaamini. Akamwambia mumewe, “Baba Yusra, umeshamaliza dozi,” na vidonge vikaenda chooni. Mwanzoni ilikuwa raha. Mume alichangamka, akawa anaimba bafuni, kitandani akakumbuka njia. Munira akadhani ndiyo kupona kwenyewe. Kumbe mwenzenu alikuwa anapaa.

Sasa mlango ukaanguka ndani kwa kishindo.

Abdulnasiri aliingia macho mekundu, midomo imepasuka kwa kukosa maji. Usingizi aliuaga zamani.

“Ndiyo maana asubuhi unanihimiza niende kazini,” alisema. “Ndiyo maana. Nimeonyeshwa yote. Huyu ndiye anayelala mahali pangu.”

“Kaka, mimi naleta virutubisho tu,” Swalihu alisema.

“Hebu vilete.”

Alimkamata ukosi, akamgonga uso ukutani. Shati jeupe likawa jekundu kifuani. Akamgonga tena. Swalihu akatema jino, akaanza kumwita mama yake.

“Nasiri, utaua mtu,” Munira alisema, akajitia katikati.

“Unamkinga?”

“Nakukinga wewe, mume wangu.”

Hakumsikia. Nyundo ilishuka, na mkono wa Munira ulivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Alianguka akilia kilio ambacho majirani hawakuwahi kukisikia kwake.

Wakaingia na kamba, fimbo na hasira zao. Walimfunga Abdulnasiri mikono na miguu. Wangeishia hapo ningewapongeza. Hawakuishia hapo. Mtu alishafungwa, wakaendelea kumpiga mateke ya mbavu na kumtandika mgongoni, wengine hata hawakujua kosa lake.

“Mwehu wa kulazwa hospitali ya Mirembe huyu, mtieni adabu.”

“Mmalizeni kabla hajatumaliza.”

Munira alijiburuta, mkono unaning’inia, akajilaza juu ya mumewe. Fimbo iliyokuwa ya mume ikamshukia yeye begani.

“Haya, nipigeni mimi,” alisema. “Mimi ndiye niliyemwachisha dawa. Nipigeni.”

Fimbo zikanywea. Bi Mwanahawa, jirani mtu mzima, akazinyang’anya moja moja.

“Aliyefungwa hapigwi,” alisema. “Mna watoto wanawaangalia. Hamuoni haya?”

Hapo ndipo Munira alipoona begi la Swalihu. Lilikuwa limepasuka, makopo yamebingiria hadi mlangoni, na katikati ya makopo vimemwagika vidonge vya rangi ya waridi. Alivijua. Alikuwa akimhesabia mumewe kiganjani kila jioni mpaka siku ile ya chooni.

“Swalihu, hivi vya nani?”

“Vya mteja.”

“Mteja gani? Niambie, au nimfungue huyu kamba.”

Swalihu alifuta damu mdomoni. Alimtazama aliyefungwa, akamtazama Munira.

“Vyangu,” alisema. “Navinywa kila jioni.”

“Na virutubisho?”

“Mimi nauza, dada. Sijawahi kuacha vidonge. Niliacha mara moja tu, nikaamkia juu ya paa la msikiti nikiwa uchi.”

“Ukajua. Ulijua, ukanitumia meseji.”

“Watu hawanunui kwa mgonjwa, dada. Wananunua kwa aliyepona.”

Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu wetu alijiganga vizuri sana, tena kwa dawa za hospitali. Bi Mwanahawa alimchapa kofi lililomkalisha chini, na katika vipigo vyote vya siku ile, hicho peke yake sikukionea huruma.

Hospitali, Abdulnasiri alilazwa na kurudishiwa vidonge vyake, na Munira alifungwa hogo la plasta mkono mzima. Muuguzi Raheli, wa wodi aliyolazwa mumewe, alisikiliza habari yote bila kukunja uso.

“Sista, ina maana virutubisho ni sumu?” Munira aliuliza.

“Si lazima viwe sumu. Vingine mtu anaweza kuvinywa, ila atuambie kwanza, maana vingine vinagombana na dawa. Kosa ni kuviweka mahali pa dawa. Na dawa hizi haziachwi ghafla.”

“Zilikuwa zinamtetemesha.”

“Ungekuja kusema. Tungepunguza, au tungembadilishia. Hakuna aliyesema anyamaze ateseke.”

Munira alilia. Ingekuwa rahisi kiasi hicho, na yeye alikimbilia kwenye simu.

Simu hiyohiyo ikaita. Alikuwa kaka yake, Hasani, anapiga kutoka kwao Kolo.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Nimesikia. Mkono ukoje?”

“Umefungwa.”

“Na wake nitauvunja. Kisha atakuandikia talaka kwa huo mwingine.”

“Kaka, anaumwa.”

“Wauaji wote wanaumwa. Akitoka tu, nakuja na gari.”

Hasani si mtu wa maneno matupu. Siku Abdulnasiri aliporuhusiwa kutoka hospitali, gari lilikuwa limeshaegeshwa nje ya geti la nyumba Kikuyu. Hasani alimsubiri mlangoni, na kabla ya salamu akampiga ngumi ya taya. Abdulnasiri alianguka, akainuka, hakuinua mkono.

“Ongeza, shemeji,” alisema. “Nastahili.”

Hasani alikunja ngumi nyingine, akakosa pa kuipeleka. Kumpiga mtu anayekubali hakuna utamu.

“Mwandikie talaka. Nasubiri kwenye gari.”

Mume na mke wakabaki wawili sebuleni. Abdulnasiri alikuwa amekonda, sauti imerudi kuwa ya taratibu, damu inamtoka kona ya mdomo. Alilitazama hogo, kisha akatazama sakafu.

“Mama Yusra, nikuandikie?”

“Unataka kuniacha?”

“Sitaki. Nakupenda mpaka naona aibu. Lakini nimekuvunja, na siikumbuki hata sura yako siku ile. Kitu nisichokikumbuka kinaweza kurudi.”

“Kinaweza.”

“Unaniogopa?”

Munira angeweza kumdanganya, wanawake wengi wangemdanganya.

“Nakuogopa,” alisema. “Ulipopita nyuma yangu sasa hivi moyo uliruka. Na nilipokuwa sikuoni, nilikuwa nakutamani. Vyote viwili ni kweli, sijui nitavifanyaje.”

“Ni mimi niliyeinua nyundo.”

“Na ni mimi niliyekuambia umemaliza dozi. Nilitaka mume wa kitandani, nikamtupa wa maisha.”

Alisogea, akamfuta damu kwa pembe ya mtandio. Abdulnasiri alifumba macho.

“Nisikilize, Baba Yusra. Nitabaki. Lakini kila jioni utameza mbele yangu. Zikikutetemesha, tunakwenda kwa Raheli pamoja, tunasema. Siku utakayokataa, nachukua mtoto na jua halizami sijafika Kolo. Sitakuaga.”

“Nimekubali.”

“Usikubali haraka.”

“Hata nikikwambia kwa akili zangu timamu kwamba nimepona?”

“Hasa siku hiyo.”

Abdulnasiri aliitikia kwa kichwa, akalia. Munira alitoka mpaka kwenye gari, akainama dirishani, akamwambia kaka yake arudi salama.