Utepe wa Kijani

Akitoka shule, Chapuchapu hula amesimama, kisha hukimbilia mpira. Jina hilo alipewa na shangazi yake, maana hakuna kazi aliyoifanya bila kuikimbiza.

Mama yake alishona sare za shule, na wateja waliagiza kwenye tovuti. Shangazi, fundi wa tovuti, alikuwa anaihamishia kwenye seva mpya, yaani kompyuta nyingine ya kuitunzia. Alimpa Chapuchapu kazi ya kuijaribu kwanza. Kompyuta ya mezani pekee ndiyo iliyoelekezwa kule kupya. Simu zote bado ziliona tovuti ya zamani. Ili asichanganye, shangazi aliweka utepe wa kijani juu ya kila ukurasa mpya. Afungue kurasa zote, atume oda moja, aone kama itamfikia mama.

Kompyuta ilikuwa nzito kufunguka, na nje wenzake walikuwa wanamwita. Chapuchapu akanuna. Akachukua simu, akabofyabofya akiwa ngazini, akatuma oda. Ikafika papo hapo. Utepe wa kijani hakuuona, na alijua kwa nini.

"Nimejaribu yote, shangazi. Oda imefika," akasema, huyo akatoka mbio.

Shangazi akaondoa utepe, akahamisha tovuti.

Shule zilikaribia kufunguliwa, lakini oda hazikuingia. Cherehani ikakaa kimya. Ndipo dereva mmoja wa lori akaingia, amefura. Aliagiza sare ya binti yake, tovuti ikamshukuru, basi. Alitaka kujua kama mtoto aende darasani na gauni la kulalia.

Mama akamwomba radhi, kisha akamgeukia shangazi. Alimwambia kazi yake ni ya kubahatisha, na kwamba amemharibia jina alilolijenga kwa sindano. Wifi au si wifi, atatafuta fundi mwingine. Shangazi alijibu kwamba tovuti ilijaribiwa.

Chapuchapu alikuwa mlangoni, mpira kwapani. Hakuna aliyemtazama. Angeweza kuondoka.

"Mama, usimfokee shangazi. Mimi nilijaribu kwa simu."

Hasira yote ya nyumba ikamhamia yeye. Mama alimfokea mpaka sauti ikamkauka. Shangazi hakupaza sauti, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kukosea nakusamehe, mwanangu, hata mimi hukosea," alisema. "Lakini ulisema umejaribu, nami nikaacha kuangalia. Ulinifumba macho."

Shangazi akairudisha tovuti kwenye seva ya zamani, ambayo hakuwa ameifunga, akaweka tena utepe kwenye kurasa za seva mpya. Kisha Chapuchapu akaketi kwenye kompyuta ya mezani, utepe wa kijani mbele yake, akatuma oda. Haikufika. Walizikuta oda zote zimekwama kwenye seva mpya, pamoja na ile ya dereva. Shangazi akatengeneza, Chapuchapu akajaribu tena ukurasa kwa ukurasa, oda ikafika. Hapo ndipo wakaihamisha tovuti tena. Mama akamwomba wifi yake msamaha, akarudi kwenye cherehani. Vifungo alivishona Chapuchapu.

Dereva alipofuata sare, alivuta kifungo kimoja kimoja. Chapuchapu alimngoja bila kununa.

"Usinione mkorofi, binti," dereva akamwambia. "Breki nikiambiwa ni nzima, bado naikanyaga mwenyewe kabla sijaondoka. Barabarani kuna watoto wa watu."