Majengo Manne Kabla ya Bahari

Jaha alikuwa akifinyanga udongo uani alipomwambia mama yake, "Mama, leo nimefika kwa Banyani mwenye mapipa ya samli."

Arafa akaacha kupepeta uwele. Dodoma hii ya Wajerumani ilikuwa na stesheni, boma na nyumba za tembe. Banyani wa mapipa ya samli haikuwa naye. Huyo alikuwa Dar es Salaam, mtaa waliouhama miaka minne nyuma, Jaha akiwa mgongoni hata meno hana.

"Nani kakupeleka?"

"Mama mwenye shungi jeupe. Huja jua likifika utosini. Ananishika mkono."

"Na mbele ya kwa Banyani kuna nini?"

"Bado sijafika."

Arafa alikujua huko mbele. Alizaliwa mtaa ule. Kwa Banyani, halafu msikiti mweupe, halafu ghala la pembe, halafu ghorofa ya Mwarabu yenye roshani ya kijani, halafu forodha. Baada ya forodha ni maji.

Kesho yake adhuhuri mtoto alizimia, akazinduka nywele zikinuka mwani. "Msikiti una ngazi saba," akasema. Zilikuwa saba kweli. Siku ya ghala Arafa alimfungia ndani, akamfunga kwa kanga kiunoni mwake mwenyewe, lakini jua lilipofika utosini mikono ya mtoto ikawa baridi, nyayo zake zikalowa huku mtungi ukiwa mkavu tangu asubuhi, na ndani ya chumba kile kisicho na dirisha ukasikika mwendo wa makubadhi, taratibu, wa mtu mzima anayembembeleza mtoto atembee.

Rehani, mumewe, fundi mwashi wa nyumba za reli, kila akielezwa alibetua midomo. "Homa hiyo." Lakini hakumtazama mkewe usoni, na mume asiyekutazama usoni ana lake jambo.

Siku ya roshani ikapita. Siku ya forodha, kabla ya adhuhuri, Arafa akamwita Bi Kuluthumu, mganga aliyebaki Dodoma tangu enzi za misafara, na Rehani akalazimishwa kukaa. Ubani ukafuka. Jua likafika utosini. Jaha akalegea mkekani.

"Mgeni wetu," Bi Kuluthumu alinong'ona, "umekuja kwa lipi?"

Mtoto akajibu kwa sauti ya mwanamke mzima, ya upole mno. "Muulizeni fundi."

Rehani akayamwaga yote. Wajerumani walipotaka barabara pana kule Dar es Salaam, nyumba ya mama yake Arafa ilikuwa njiani, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuivunja. Kwao pwani, nyumba kuukuu haivunjwi hivi hivi, maana ina majini wake. Mtu hufukiza siku tatu, hugonga kuta, huwaambia: tunavunja, tupisheni. Msimamizi alikuwa na haraka. Rehani akapiga sururu asubuhi ileile.

"Uliniambia umewaaga!" Arafa akasema.

"Wanangu walikuwa wamelala," ile sauti ikaendelea. "Mkubwa alikuwa kimo cha huyu."

Maji yakaanza kumtoka Jaha puani. Arafa akayagusa kwa ulimi. Yalikuwa ya chumvi. Akapiga magoti.

"Mwenzangu, nakuomba. Wewe mama, mimi mama. Huyu hakuvunja kitu."

Ile sauti ikamuuliza, "Mumeo alijua kwamba tumo?"

"Sikujua!" Rehani akadakia. "Wallahi sikujua!"

"Sikukuuliza wewe."

Arafa akamtazama mumewe. Kila Alhamisi, miaka yote ya ndoa yao mtaani kule, ni mtu huyu huyu aliyemletea ubani wa kufukizia nyumba ile, na akisahau yeye, mume ndiye aliyemkumbusha. Alimpenda. Moyo ulimuuma mpaka akaona giza.

"Alijua," akasema.

Jaha akakohoa, akatema maji mengi kuliko kifua chake, akalia akitaka uji. Rehani akasimama. Hakuna aliyemshika. Akatoka kwenye jua kali, akashika njia ya vumbi iendayo Msalato, mkono mmoja kauachia pembeni kama mtu aliyeshikwa. Baada ya hatua chache akapandisha kanzu magotini, kisha kiunoni, kisha akainua kidevu.

Arafa alikuwa mlangoni, na sauti ya kumwita alikuwa nayo. Akageuka, akaenda kukoroga uji.

Jioni wachunga ng'ombe walimkuta kwenye korongo ambalo halijaona mvua tangu mwaka uliopita. Alikuwa amekufa maji.