Unywele Chini ya Kioo

Jumamosi ile ilianza vizuri tu kwa fundi saa wa mtaa wetu. Mkewe, ambaye ni msusi, alikuwa barazani na mteja wake wa kwanza, ulimi na vidole vikishindana kwa kasi. Fundi mwenyewe alikuwa chumbani, jicho kwenye hadubini. Wiki nzima alifungua saa za watu. Jumamosi ilikuwa yake. Aliteka maji ya madimbwi kwenye vikopo, akadondosha tone moja juu ya kioo, akafunga simu juu ya hadubini na kurekodi video za viumbe ambao mwili wao mzima ni chembe hai moja. Kisha aliwatumia ndugu zake, ambao hawakuzifungua.

"Hivi ulinioa mimi au hilo dude?" mkewe alimtania kupitia dirisha.

"Nyote wawili. Ila wewe ndiye mke mkubwa."

Alikuwa na ufundi wake mmoja aliojivunia. Tone hufunikwa kwa kioo kingine chembamba, nacho kikilala bapa huwaponda viumbe. Basi yeye alikiinua kidogo kwa uzi mmoja wa rasta, zile nywele za bandia za kusukia, aliouokota kwenye kikapu cha mkewe. Siku hiyo maji yalitoka kwenye shimo lililo nyuma ya kiwanda cha matofali. Aliokota uzi, akautega, akafunika.

Kwa kawaida viumbe hao hukimbia ovyo, kila mmoja na hamsini zake. Hawa hawakukimbia. Walijipanga kando ya uzi, pande zote mbili, wakatulia. Fundi alifurahi mno, akaanza kurekodi. Ndipo alipoona kwamba uzi ule, kuanzia katikati, ulikuwa mweupe.

Rasta haioti mvi. Alicheka peke yake. Unywele wa mkewe, basi, kwani kuna ubaya gani?

Saa sita mchana tone lilianza kukauka pembeni. Barazani chanuo kilianguka.

"Mume wangu, niletee maji."

Alikunywa jagi zima, akaomba jingine. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Fundi alirudi mezani, akaongeza maji chini ya kioo kwa kichupa cha dawa ya macho, kusudi video isikatike. Barazani mkewe alishusha pumzi, akaendelea kusuka.

Ikatokea tena saa nane. Saa tisa ikatokea mara ya tatu, na safari hii aliacha makusudi. Alitaka kuhakikisha. Alikaa akalitazama tone likijikunja, akamsikia mkewe akimwita kwa sauti iliyokauka, akamsikia akianguka. Bado hakuongeza maji. Alihesabu mpaka kumi, ndipo akadondosha. Hizo kumi ndizo zinazomtesa mpaka leo.

Mteja aliambiwa ni joto. Mke naye akaambiwa hivyo hivyo. Fundi alijidanganya kwamba hataki kumtia hofu. Ukweli ni kwamba aliona aibu kumwambia kuwa alimwacha aanguke. Alidondosha maji kila robo saa mpaka kukacha.

Jumapili asubuhi alizungushia kioo pamba iliyolowa maji, akakifunika kwa bakuli, akaenda mbio kiwandani. Mlinzi wa pale, mama wa makamo mwenye koti la mvua, alimsikiliza bila kumkatiza.

"Uliyapa nini?" alinong'ona.

"Unywele."

"Wako?"

"Wa mke wangu."

Mlinzi aliinama. "Basi yasikauke."

"Mpaka lini?"

Mlinzi alisogea kando, na fundi akaona ndani ya kibanda. Palikuwa na beseni la maji, limefunikwa kwa kipande cha chandarua. Kando yake, viatu vya mtoto, vimepigwa rangi vizuri.

"Mimi huu mwaka wa sita," alisema mlinzi. "Angekuwa darasa la tano."

"Na nikiyarudisha shimoni?"

"Mimi nilirudisha nusu." Alilitazama beseni. "Usirudishe, baba."

Fundi alirudi nyumbani akikimbia. Mkewe alikuwa jikoni, anafuta mikono, anatabasamu.

"Nimekuoshea vioo vyako. Vilikuwa vinanuka."

Vilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, safi, vinang'aa.

"Maji umemwaga wapi?"

"Yanamwagwa wapi tena, mume wangu? Si kwenye sinki?"

Fundi alipiga magoti. Akalifungua bomba la chini ya sinki kwa mikono, maji meusi yakammwagikia miguuni. Aliyakinga kwenye vikombe, kwenye sufuria, kwenye kofia yake. Akaanza kuyapitisha kwenye hadubini, tone kwa tone. Hakuna kitu. Tone jingine. Hakuna kitu.

"Unatafuta nini?" mkewe aliuliza nyuma yake. "Niambie basi nikusaidie."

Ndipo akamwambia. Yote, pamoja na zile kumi. Mkewe hakucheka, wala hakulia.

"Ungeniambia jana," alisema.

Jioni alijilaza. Fundi alimletea maji, akayakataa.

"Sina kiu. Nasikia baridi tu."

Alimshika mkono. Ulikuwa umelowa. Akaufuta kwa shati lake. Ukalowa tena. Taulo lilikuwa kabatini, hatua tatu tu. Alizihesabu. Tatu kwenda, tatu kurudi.

Gauni lilikuwa limelala bapa kitandani. Chini yake godoro lilikuwa limelowa, umbo la mtu aliyelala ubavu. Ndala zake zilikuwa pale pale alipozivua.

Shemeji zake walisema dada yao amechoka na mume mwenye wazimu, ameondoka zake. Polisi waliandika, wakafunga kitabu. Fundi hakubishana na mtu. Aliweka kikopo kando ya kitanda, akawa analinyunyizia godoro asubuhi na jioni, ndani ya umbo lile, asivuke mstari. Halikuoza, halikunuka. Yeye alilala sakafuni. Wakati mwingine alilisemesha, akaomba msamaha, akasubiri. Alikuwa na hamu na mkewe mno.

Mwaka wa tatu alipasuliwa ngiri, akalazwa siku tatu. Alimwachia kaka yake ufunguo, akamsihi, akamwapisha. Kaka alikubali mdomoni tu. Hakufika hata mlangoni.

Fundi aliruhusiwa mchana, jua kali. Alifungua mlango akiwa ameshika mshono wake, akaenda moja kwa moja chumbani. Godoro lilikuwa kavu. Kavu kabisa, kila mahali.

Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji. Bado mbichi. Zilianzia kitandani, ndogo, za mguu wa mwanamke, zikapita kando ya mkeka aliolalia. Hapo zilikuwa nyingi, zimekanyagana, za mtu aliyesimama muda mrefu. Kisha zilielekea jikoni, mpaka kwenye sinki. Juu ya ukingo wa sinki kulikuwa na alama ya kiganja.

Hakuziona za kurudi.

Alichukua kikopo, akakijaza maji. Akasimama nacho katikati ya chumba, hajui amwagie wapi.