Kadi ya Masalu

Mlango wa chumba cha baridi ulipofunguka wenyewe mara ya kwanza, Josepha hakushangaa. Alikuwa amechoka mno. Tajiri aliyenunua kiwanda serikali ilipouza mali zake alitaka ulinzi wa kisasa kabla wageni wa Ulaya hawajaja kukagua minofu ya sangara, na kazi ya kuchagua kadi za wafanyakazi alimtupia yeye wa utawala. Asipomaliza, kibarua kitaota nyasi.

Akachagua kadi za njia mbili. Ukanda mweusi ulipitishwa kwa mkono kwenye mashine ya zamani ya getini. Kidude kilichofichwa ndani kilifungua milango mipya kwa kusogezwa tu. Kadi ya majaribio aliipa jina la Masalu, mlinzi aliyefariki mwaka uliopita. Aliona ni busara, maana jina la marehemu nani angelitumia kuiba?

Basi mlango ukawa unafunguka mchana kweupe, kadi ya Masalu imefungiwa kwenye droo ya meza. Pakaanza kunukia udi katikati ya harufu ya samaki, kisha zikaonekana nyayo za maji sakafuni, zinaingia tu, hazitoki, mpaka akina mama wa kukata minofu wakawa wanaupita mlango ule wameshikana mikono, kila mmoja akikataa kuwa wa mwisho, kwa sababu wa mwisho alisikia mtu akimpumulia kisogoni, na Josepha, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu Pasaka, naye akaogopa.

"Mwanangu, kwetu jina la marehemu hupewa mtoto, tena kwa tambiko," mzee Luhende wa getini alimnong'oneza. "Wewe umeupa mlango."

"Kwa hiyo ni Masalu?"

"Masalu tulimzika Kisesa, ametulia. Hiki ni kitu kingine. Kimekuta jina halina mtu, kikalivaa. Getini kwangu hakiwezi, hakina mkono wa kupitisha kadi. Huko ndani mkono hautakiwi."

Akamleta Dorotea, mganga. Dorotea alifukiza dawa, kadi ikavunjwa, jina likafutwa kwenye kompyuta. Upepo wa baridi ukawapita kuelekea ziwani, na harufu ya udi ikaisha.

"Nafasi yake iache tupu," Dorotea alisema. "Usimwingize aliye hai."

Josepha aliitikia. Lakini tajiri alikuwa amelipia nafasi za majina kwenye kompyuta zinazotosha watu wake tu, na jioni, majina yote yakiwa yameingia, lilibaki la Josepha na nafasi ile ile. Wageni walikuwa wanakuja kesho. Mgongo ulimuuma. Akajiandika pale, akaenda zake nyumbani Mabatini kulala.

Asubuhi alifika getini. "Shikamoo, mzee Luhende."

Mzee alimtazama kwa adabu, kama mtu asiyemjua. "Dada, unamtafuta nani?"

"Ni mimi, mzee. Josepha."

"Josepha ameshaingia. Amepitisha kadi hapa hapa, tumesalimiana."

Kupitia dirisha la ofisi aliona mwanamke kwenye kiti chake, akicheka na wageni, hana uchovu hata kidogo.